Usimwonee huruma mkulima wa mwani, mfuate majini

Wiki iliyopita kijana mmoja wa mjini aliniandikia usiku wa manane. "Shikamoo dada. Duka langu la vifaa vya simu pale Darajani nimelifunga. Milioni nne zimekwenda, na moja kati ya hizo ni ya shemegi yangu, hajui bado. Mchana sitoki nje. Wazee wananiambia nishukuru, niwatazame walio chini yangu. Juzi nilipita pwani na daladala ya Bwejuu, nikawaona wale kina mama wa mwani wamepinda migongo juani, nikasema alhamdulillah, angalau mimi sijafika pale. Lakini moyo haupoi. Nifanye nini?"

Marahaba, mdogo wangu. Nimekusoma mara tatu, na mara zote tatu nimekwama kwenye maneno yale yale: angalau mimi sijafika pale.

Kuwatazama walio chini yetu katika mambo ya dunia ni mafundisho ya Mtume, rehema na amani zimshukie, na sina la kuyaongezea. Ninalokulaumu ni mahali ulipowaweka hao kina mama. Nani kakwambia wako chini yako? Umewaona kwa dirisha la daladala ya Bwejuu, ukapima kina cha maji na ukali wa jua, ukatoa hukumu. Kushukuru kwa namna hiyo ni kupanda juu ya mgongo wa mtu ili uone mbali. Nakiri na mimi nilikuwa hivyo hivyo kabla sijajua kufunga mwani kambani, na ndiyo maana ladha yake naijua: tamu kwa dakika tano, kisha unarudi pale pale ulipokuwa.

Ushauri wangu ni mmoja. Nenda bamvua moja zima, siku tano au sita za maji makubwa, ukafanye kazi nao. Na kwa kuwa sitaki uende ukawe mzigo, nakueleza kazi yenyewe ilivyo, hatua kwa hatua, ili ukifika usisimame majini kama mgeni wa harusi asiyejua akae wapi.

Kwanza ijue bahari. Mwani wa pwani ya mashariki ya Unguja hufanyiwa kazi wakati wa bamvua, yaani siku za karibu na mwezi mwandamo na za karibu na mwezi wa kumi na nne, maji yanapokupwa sana. Maji mafu, yaani siku ambazo hayakupwi sana, ni siku za kazi za nchi kavu: kuchonga vijiti, kufumua kamba zilizochoka, kuanika. Mwezi ukiwa mpevu, maji ya kwetu hufika chini kabisa mnamo saa nne asubuhi, na kila siku yanachelewa kwa kiasi cha dakika 50. Kwa hiyo mama aliyeingia leo saa tatu, kesho kutwa ataingia karibu na saa tano, na siku ya tano ndiyo kwanza anaingia adhuhuri. Ukiwaambia "tukutane saa mbili kila siku" watakucheka, tena kwa haki. Hapa kuna kitu cha kwanza kilichokupita dirishani: mwanamke yule ana ratiba mbili kichwani, ya mwezi na ya skuli ya watoto, na kila baada ya wiki mbili anazipatanisha upya. Chai, maji ya kisima, chakula cha mchana, sala, vyote vinasogezwa ili bahari ipishwe. Wewe ratiba moja ya kufungua duka ilikushinda. Nisamehe, lakini umeniuliza.

Mwani wenyewe si wa jana. Ulianza kulimwa kibiashara Paje na Jambiani mwaka 1989, kwa mbegu zilizotoka Ufilipino. Wanaume nao waliingia mwanzoni, wengi wakatoka walipoona malipo ni madogo. Wanawake wakabaki, na mpaka leo ndio walio wengi shambani. Aina ni mbili, spinosamu na kotonii. Kotonii hulipwa zaidi lakini haina ustahimilivu na joto. Tangu miaka ya mwanzo ya 2000 imekuwa ikifa kwenye maji ya kina kifupi ya Unguja, na wakulima wakarudi kwenye spinosamu, yenye bei ndogo. Watafiti waliofanya kazi Taasisi ya Sayansi za Bahari hapa Zanzibar, akiwamo Dk. Flower Msuya, wameandika sana juu ya vifo hivyo. Njia mojawapo ni kuipeleka kotonii kwenye maji marefu yenye baridi, lakini huko panahitaji chombo na kujua kuogelea, na wengi wa kina mama hawana cha kwanza wala hawakufunzwa cha pili. Soma hilo tena kabla hujamwambia mtu yeyote kule "kwa nini hamlimi ile yenye bei".

Sasa shamba. Mahali panapofaa ni mchanga usio na majani mengi ya baharini, mkondo wa wastani, mbali na panapomwagika maji ya mvua kutoka nchi kavu. Maji yakikupwa kabisa lazima yabaki ya kufika muundi au goti, kwa sababu mwani ukikaa uchi juani huungua. Vijiti huchongwa urefu wa mkono hivi. Tundu hutobolewa kwa mtaimbo, kisha kijiti kinagongwa mpaka nusu yake ipotee mchangani. Kisipozama vya kutosha, upepo wa kusi unakuja unaking'oa pamoja na kamba yake. Na usidanganyike na kijiti kinachoonekana kizima: kuna wadudu wanaokula mti kutoka ndani, unakishika kikakatika mkononi kama muwa mkavu. Ndiyo maana kila bamvua huanza kwa kutikisa vijiti, kimoja kimoja.

Kamba ya mita 4, inayofungwa kati ya vijiti viwili, hutiwa taitai, vile vikamba vidogo vya kufungia mbegu, kila baada ya shubiri moja. Hapo utapata mafundo kama 20. Kila fundo hubeba mbegu ya ukubwa wa ngumi, gramu 100 hivi, kwa hiyo kamba moja inameza kilo 2 za mbegu. Kamba 50 ni mafundo 1,000. Aliyezoea hufunga moja kwa sekunde 10, na hata kwa kasi hiyo ni karibu saa tatu za vidole bila kupumzika. Wewe siku ya kwanza utahitaji nusu dakika kwa fundo moja, na nusu ya mafundo yako yatafumuliwa na mama aliye pembeni yako bila kusema neno. Fundo likikazwa sana linakata shina, na wiki ya pili mwani unaondoka na maji. Likilegezwa sana, unaondoka siku hiyo hiyo. Panatakiwa nafasi ya mwani kunenepa ndani ya kitanzi. Huwezi kufundishwa kwa mdomo, tazama vidole.

Mbegu huchaguliwa kwenye ncha changa za mwani wenye afya: rangi iliyokolea, haina utelezi wa kuoza, haina madoa meupe, ukiivunja inalia. Ikishakatwa hukaa kivulini chini ya gunia bichi. Ukiiacha juani wakati unapiga soga, umeshaipanda ikiwa imekufa.

Halafu inakuja sehemu ambayo wapita njia huiita "subira ya kina mama", na mimi neno hilo hunikera. Utamkuta mtu amesimama kwenye maji, ameinua kamba, anaitazama, kimya. Dakika moja, mbili. Ukiwa daladalani unadhani amechoka, au anamlilia Mungu. Anasoma. Ncha zikiwa zimekatika wima kama kwa mkasi, samaki aina ya chafi wamepita wakala, na wakizidi itabidi kamba zihamishwe. Mwani ukivaa nyuzi nyuzi za kahawia, mkondo ni hafifu na kamba hazikutikiswa. Zisukwesukwe kila siku mpaka vumbi na nyuzi zitoke, na ajihadhari kwa sababu nyuzi nyingine zinawasha ngozi mpaka inatoka malengelenge. Matawi yakiwa na vipande vyeupe, laini, vinavyokatika ukivigusa, huo ni ugonjwa, na hufuata mashaka: maji ya moto ya kaskazi, au mvua kubwa ya masika iliyopunguza chumvi. Tawi lenye weupe hukatwa likatupwa nchi kavu. Likitupwa majini linakwenda kwa jirani.

Weupe ukishaenea, kuna uamuzi wa kufanya pale pale, maji yanarudi. Mwani hukomaa kwa wiki sita, yaani bamvua tatu. Je, avune sasa, wiki ya nne, upate uzito mdogo na ubora mdogo, mnunuzi akunje uso? Au angoje bamvua moja, upone au uanguke wote? Akivuna vyote, mbegu ataitoa wapi? Anayejua kazi hutenga kwanza zile kamba zenye afya kuliko zote, hata kama mfukoni hamna kitu, akazihamishia penye maji ya kina zaidi, ndipo akavuna zilizobaki. Ona mpangilio huo: mwani ulio bora kuliko wote hauuzwi. Wewe ulipoona biashara inayumba ulianza kuuza vifaa vizuri ili ulipe kodi ya mlango, ukabaki na makava ambayo hayana mteja. Sijakuuliza, lakini nina uhakika, kwa sababu wengi wetu tunafanya hivyo.

Kwa hiyo kile ulichokiona kama mtu anayevumilia kimya, ni mtu anayepiga hesabu, na mwenye hesabu nyingi hana nafasi ya kupiga kelele. Huko ndiko unyenyekevu unakoingia. Kuona dhiki ya mtu hakukufanyi mnyenyekevu, kunaweza hata kukuharibu. Kuona kwamba anajua jambo usilolijua, na kwamba umekuwa ukimwombea rehema kwa kazi usiyoiweza, hapo shingo inalegea yenyewe.

Mavuno sitayarefusha. Kamba hufunguliwa ncha zote mbili, hukunjwa, hutiwa kwenye polo, yaani gunia kubwa. Polo la mwani mbichi likijaa ni mzigo wa mtu mzima mwenye nguvu, na asiye na chombo hulikokota likielea maji yanapoanza kujaa. Ukichelewa unavuta huku maji yako kifuani. Ukiwahi, polo linakwama mchangani. Kuanika ni siku mbili mpaka tatu za jua zuri, juu ya chanja au majamvi, si juu ya mchanga mtupu, maana mchanga hupunguza daraja. Kila baada ya muda hugeuzwa. Mvua ikiunyeshea ukiwa nusu mkavu, unapauka na chumvi inatoka, na mnunuzi anaujua kwa kuutazama tu. Basi mtu anayeanika hulala sikio moja liko kwenye paa.

Hesabu sasa, maana wewe ni mfanyabiashara. Kamba moja yenye kilo 2 za mbegu, ikienda vizuri, itatoa kilo 10 mbichi. Mwani mbichi kilo 8 mpaka 10 hukauka ukawa kilo 1. Basi kamba moja ni kama kilo moja kavu. Kamba 100 ni kilo 100, baada ya kutenga mbegu tuseme 80. Tuchukulie kilo ni shilingi 1,000 kwa urahisi wa kuhesabu tu: ni shilingi 80,000 kwa wiki sita. Toa kamba, taitai, vijiti. Ndiyo maana wengine wamehamia kusaga mwani kuwa unga na kutengeneza sabuni kwa mafuta ya nazi na ya karafuu, kwa sababu kipande kimoja cha sabuni mbele ya mtalii kinaweza kuzidi bei ya kilo nzima. Na kuna suala la vifaa: kwa miaka mingi mkulima alipewa kamba na mnunuzi, kisha akafungwa kumuuzia yeye kwa bei yake. Walioamua kujinunulia kamba zao wenyewe walipata angalau ruhusa ya kukataa. Usiuze uhuru wako kwa mkopo wa kamba. Hilo na kwenye vifaa vya simu lipo.

Kina mama hao hao, njiani kurudi, utawaona wanapita kwenye vilima vya mawe ufukweni, pale Jambiani na Bwejuu. Watalii hudhani makaburi. Ni makumbi ya nazi yaliyofukiwa kwenye tope, yakakandamizwa kwa mawe, yakae miezi sita na zaidi, mpaka nyama yake ioze nyuzi zibaki. Yakifukuliwa yananuka kiasi cha kukufanya ukimbie. Yanapondwa kwa rungu juu ya jiwe, yanasuuzwa, yanaanikwa, ndipo kamba zikasokotwa kiganjani. Ukiyafukua mapema nyuzi hazitoki, unapoteza makumbi na nguvu. Kuna mtu ambaye akiba yake ya mwezi wa Ramadhani iko chini ya tope tangu kusi iliyopita, na anakusalimia huku akitabasamu kama hana kitu.

Utakapokwenda, mambo machache. Vaa soksi nene na raba kuukuu, maana kuna miiba ya baharini, na mchangani tembea kwa kuburuza miguu ili samaki taa aliyejificha akusikie aondoke. Kofia pana, mng'ao wa maji huumiza macho kuliko jua lenyewe. Shati la mikono mirefu. Maji ya kunywa ya kwako, usinywe ya kwao. Simu iache nyumba uliyofikia. Mtu akipigwa picha akiwa amelowa, ushungi umemteleza, kisha ukaandika chini yake maneno ya kumsifu kwa subira, umemwibia mara mbili. Usiende mikono mitupu, lakini usiende na sadaka: boflo, sukari, na robo kilo ya kamba ya taitai vinatosha, kama mgeni yeyote. Salamu kwa aliye mkubwa kwanza. Usianze na "mnapata shilingi ngapi". Anza na "nishike wapi?"

Na usihubiri. Najua nahubiri mimi hapa tangu juu, lakini mimi niko mezani. Ukiwa majini, nyamaza.

Jambo la mwisho ni la shemegi. Vikundi vya kina mama hawa vingi vina upatu. Mwani ukianguka, mwenye zamu ya kutoa haendi kujificha ndani. Anakwenda siku ile ile ya kukutana, anakaa kwenye mkeka, anasema mbele ya wenzake: bamvua hili sina, nisogezeni. Watu wanaguna, mmoja anasema neno la kuuma, zamu inasogezwa, kahawa inaendelea. Kinachovunja kikundi ni yule asiyetokea. Shilingi milioni moja ya shemegi haina tofauti: kinachokuumiza usiku si kiasi chake, ni kwamba hajui. Mwambie kiasi, mwambie zimekwendaje, mwambie utaanza kulipa lini na kwa shilingi ngapi kwa mwezi, hata zikiwa 20,000. Akiguna, guneni pamoja.

Daladala zinapita Tunguu, Jozani, Kitogani, mpaka Paje, kiasi cha kilomita 50. Nenda siku moja kabla ya mwezi kumi na nne ili ulale huko na usimkute mtu ameshaingia majini. Siku ya mwisho omba upewe kamba moja, ufunge mwenyewe mafundo yake yote 20, uulize jina la mwenye shamba, uandike tarehe, kisha urudi baada ya bamvua tatu uitazame. Shemegi mpigie kabla hujapanda gari.